Sehemu Moja kwa Laki

…kushoto, anasema kushoto, kushoto ya nani, kushoto yake yeye aliyekaa kwenye kochi au kushoto yangu mie niliyesimama huku uani nimekumbatia bomba la maji lenye antena juu yake kama mtu anayeagana na ndugu yake stesheni, nazungusha, huko juu inalia kwii, na sauti ya mume wangu inatoka dirishani, "Umepitiliza, Mama Shami, rudisha, rudisha kidogo," narudisha, "Kidogo nimesema!"… sawa, kidogo, lakini kidogo chako ni kipi Mwishehe, maana mie kidogo ndicho nilichokisomea, chukua gunia la mchele, lile la kilo mia, chota kwa ncha ya kijiko cha chai, hicho ulichochota ukikilinganisha na gunia zima ndicho kidogo changu, sehemu moja kwa laki, kidogo hicho ndicho kilichoninyima usingizi, na sasa nimesimama juani jasho linaniingia machoni wala siwezi kulifuta, nikiachia mkono mmoja bomba linayumba na wanaume ndani wanaguna kama wamepokonywa sahani… "Hapo! Hapohapo! Usitikisike!"… nisitikisike, haya, sitikisiki, nimekuwa mlingoti, mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwenye digrii ya pili iliyokubaliwa mwezi uliopita tu pale chuo kikuu Mlimani, nimekuwa mlingoti wa televisheni Jumapili alasiri ili Fransis jirani yetu aone mpira, Fransis ambaye ameingia na ndala zake zenye tope akazikanyagia mkeka wangu mpya, na amekaa wapi, amekaa kwenye kiti changu, kile nilichokuwa nimekiweka karibu na mwalimu wangu Dokta Audax makusudi ili nikae nizungumze naye, kwa sababu Dokta hakuja kuangalia mpira, Dokta amepanda gari lake bovu kutoka Mlimani mpaka huku Tandika kuja kusikia jibu langu, jibu langu mie, na nilikuwa nimeshaweka sinia la kashata mezani, nimeshajifuta mikono kwenye kanga, nimeshavuta pumzi, ndipo picha ikapotea ikabaki chenga tupu na Mwishehe akageuka, anatabasamu lile tabasamu lake la dukani, "Mama Shami, si wewe ndiye mtaalamu wa mawimbi, hebu tusaidie huko nje," wote wakacheka, na Dokta naye akacheka, nami nikatoka… kwa nini nilitoka, mtu ana miguu yake miwili na bado akiambiwa mbele ya wageni toka, anatoka, anatoka na tabasamu usoni kama ametumwa kuchukua zawadi.

Mtaalamu wa mawimbi… na Fransis hapohapo, hapitwi na neno Fransis, alikuwa mpakuzi bandarini na sauti yake mpaka leo ni ya kuita watu walioko ndani ya meli, "Shemeji, mie nasikia unapima joto, la wapi hilo, la mbinguni? Si uje upime la hapa Temeke, hapa tunalo mpaka la kuuza!" kicheko, kila akija ni neno hilohilo na kila akija wanacheka upya, na mie nacheka, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nacheka, badala ya kumwambia kaa Fransis, kaa chini nikueleze, ulimwengu ulipoanza ulikuwa moto, moto kila mahali, hapakuwa na mahali usipokuwepo, ukatanuka ukapoa, ukapoa mpaka leo, na ule mng'ao wake haujazimika, upo, unatujia kutoka kila upande wa mbingu, umepoa mpaka hauzidi nyuzi tatu juu ya ile baridi ya mwisho ambayo chini yake hakuna baridi nyingine, na watu wakaupima huku wakaupima kule ukawa sawa, sawa, sawa, kila wakigeuza vyombo vyao joto ni lilelile, ungedhani mtu kalisawazisha kwa rula, kisha wakapima kwa makini zaidi na wakaona si sawa, hapa limezidi kidogo pale limepungua kidogo, kidogo kile cha ncha ya kijiko, na kidogo hicho Fransis ndicho baba yako na babu yako, bila hicho hakuna nyota, hakuna Tandika, hakuna meli wala mpira wala wewe mwenyewe na ndala zako kwenye mkeka wangu… "Kulia kidogo, shemeji!"… lakini nani wa kunisikiliza, mama mkwe mwenyewe aliniuliza siku ile, nimekaa na makaratasi yangu sakafuni, Bi Mauwa, amesimama mlangoni na upawa mkononi, "Hilo joto mwanangu, linapikia nini?" Nikasema halipikii kitu mama, limepoa mno, akasema "Ahaa," akarudi jikoni, ile ahaa yake, ahaa ya mtu aliyepata jibu la swali ambalo hakuliuliza, ikanikaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa nachambua mchele siku nilipoisikia habari ya joto hilo kwa mara ya kwanza, mwaka ule wa tisini na mbili, redio iko dirishani, taarifa ya habari ya dunia, vita huku, mkutano kule, halafu mtangazaji kwa sauti ileile aliyosomea bei ya kahawa akasema wanasayansi wameona tofauti ndogo sana za joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu, kisha akahamia michezo, hivyo tu, na mie mkono wangu ukabaki umesimama juu ya ungo, Mwishehe akaniuliza una nini, nikashindwa kumwambia, ningeanzia wapi, ningeanzia kidato cha nne, mwalimu wetu anatufundisha kwamba joto husambaa mpaka liwe sawa kila mahali, nami nikanyanyua mkono nikauliza, mwalimu, kama mwanzo kila kitu kilikuwa sawasawa basi vitu vilianzaje, kwa nini pawe na kitu hapa na pasiwe na kitu pale, akaniangalia akasema, "Munira, hilo haliko kwenye mtihani, kaa," nikakaa, nikakaa miaka yote ile nimelikalia swali langu, nikaenda chuo cha ualimu nalo, nikaolewa nalo, nikamzaa Shamimu nalo, halafu redio inaniambia hapo kwenye mchele kwamba haikuwa sawasawa, kumbe haikuwa sawasawa tangu mwanzo, kulikuwa na makunyanzi, palipozidi kidogo pakavuta zaidi, pakavuta tena, mpaka pakawa kitu… nilitaka kutoka mbio barabarani kuwaambia watu, na barabarani kulikuwa na nani, muuza mkaa.

Na si kwamba Mwishehe hakunielewa, hapo mwanzo alinielewa, au alielewa kwamba naelewa, ambayo kwa mume inatosha, yeye ndiye aliyesema nenda kajiandikishe Mlimani jioni na wikiendi, wakati ule bado yuko kiwandani, karani, suruali yake ina mistari ya pasi unaweza kukatia mkate, akirudi ananikuta mezani ananiletea chai, anasimama nyuma yangu, "Haya, leo umetoa nini?" maana kazi yangu ilikuwa kutoa, nilimweleza hivyo na akaipenda, kwanza unatoa joto linalotokana na mwendo wetu sie wenyewe, dunia inakimbia, kule tunakoelekea mbingu inaonekana ya moto zaidi na kule tunakotoka inaonekana ya baridi zaidi, hilo si la mbingu, ni letu, unalitoa, halafu unatoa mwanga wa ule ukanda mweupe wa nyota unaouona usiku umeme ukikatika, nao una mawimbi yake yanachafua ramani ya joto katikati, unautoa, halafu unatoa kelele za chombo chenyewe, na kila ukitoa unaogopa usije ukatoa na kile unachokitafuta, yeye akasema kama kuosha mchele, ukimwaga maji kwa haraka na mchele unakwenda, nikasema ndiyo Mwishehe, ndivyo kabisa, na nilimpenda siku ile mpaka nikaona haya… halafu kiwanda kikapunguza watu, wakasema mambo ya soko huria, wakasema mashine zitauzwa, wakapeana mikono, na mistari ya pasi ikaisha kwenye suruali, sasa anauza chupa za chai na pasi za umeme na redio za Dubai Kariakoo, na anauza vizuri, sisemi, televisheni hii ameileta yeye, ya kwanza mtaani, boksi lake bado liko barazani hataki litupwe, lakini tangu hapo haniulizi tena leo umetoa nini, akinikuta mezani anasema taa hiyo inakula umeme, mie naye tunaye mtu wa tatu ndani ya nyumba na mtu huyo ni aibu yake, nayo haitaki kuniona nikinyanyuka…

"Chenga zinarudi!" huyo ni Fransis, "Shemeji, chenga!" nazungusha, na mama mkwe nasikia anachekea kwenye kanga yake, "Mkwe wangu ameniambia hizo chenga nyingine zimetoka mwanzo wa dunia," kicheko kikubwa, hata watoto wa jirani waliojazana mlangoni wanacheka, nami natega sikio, nasubiri, maana ndani mle yumo mtu mmoja anayejua kwamba ni kweli, kwamba kati ya chenga zile zote sehemu ndogo ndogo ni ule mng'ao wenyewe unaingia kwenye antena, umesafiri tangu kabla ya kuwepo jua ukaja kuishia kwenye bomba nililolishika, Dokta Audax anajua, ndiye aliyenifundisha, sema Dokta, sema neno moja, sema ni kweli mama… na Dokta Audax anasema, "Mama, walimu wa fizikia tuna maneno mengi," na wanacheka tena, naye anacheka, anatafuna kashata yangu nasikia mpaka karanga… walimu wa fizikia tuna maneno mengi… mtu huyu ndiye tuliyekaa naye kwenye chumba cha kompyuta, moja ya idara nzima, mgawo wa umeme ukiwa zamu yetu tunasubiri usiku na mchana, umeme ukirudi mie ndiye ninayekimbia, mie na mimba ya Anwar, hesabu ya wiki nzima ikipotea tunaanza upya, na ramani ilipotoka, ramani yangu, ukanda wa nyota umeondoka na madoa ya moto na ya baridi yamebaki yamekaa kama mikono ya watoto ukutani, alisimama Dokta huyuhuyu akavua miwani, na sasa mbele ya Fransis na kashata ameshindwa kusema ni kweli mama.

Wala nisimwonee Dokta, maana jibu ninalo mie na jibu lenyewe ni hapana, hilo nalijua, tangu Jumatatu naifanyia mazoezi ile sentensi, kwenye jiko la mkaa, darasani nikisahihisha madaftari, bafuni, nashukuru sana Dokta kwa nafasi hii lakini kwa hali ya familia yangu kwa sasa sitaweza, naitamka polepole isitoke na machozi, nafasi ya Uingereza, digrii ya tatu, ya udaktari, chuo kinachokifanyia kazi kitu hikihiki, wamesoma kazi yangu wakasema aje, nauli yao, chakula chao, nyumba yao, miaka mitatu, na likizo ya kurudi nyumbani kila mwaka, na ukishamaliza wanakurudisha Mlimani ufundishe, nani anakataa kitu kama hicho, mama wa watoto wawili anakataa, Shamimu ameng'oka meno ya mbele juzi, Anwar halali bila kushika sikio langu, na Bi Mauwa magoti yake, na Mwishehe… jana chumbani nilimwambia, nimelala nimegeukia ukuta, nikasema Mwishehe, kesho nitamwambia Dokta siwezi, akanivutia shuka begani, akasema "Mungu atakupa nyingine," na mie nikaona afadhali, nikaona nimetua mzigo, nikalala, kweli nililala, kwa hiyo hasira yote hii ya nini, mtu ameshaamua mwenyewe, simama ushike bomba, mpira uishe, uingie, useme sentensi yako…

"Hapo hapo! Bwana ee, hapo picha safi kabisa! Usisogee, Mama Shami, hapohapo!"… nimesimama kwa ubavu, mkono mmoja juu mmoja chini, shavu kwenye chuma cha moto, na picha safi, kumbe mwili wangu wenyewe unasaidia, nikisogea inaharibika nikisimama inatengemaa, ndani wametulia, mtangazaji anasema kona, na katika utulivu ule ndipo nasikia kiti kinasogea na sauti ya Mwishehe inashuka, si ya dukani tena, sauti ya ofisini, ile ya ukarani, "Sasa Dokta, kuhusu lile suala…" lile suala, suala gani, "…mwenzangu tumelizungumza kwa kirefu. Anashukuru sana kwa nafasi, lakini kwa hali ya familia yetu kwa sasa hataweza."

Hivyo.

Neno kwa neno, amebadilisha yangu ikawa yetu, sita ikawa hata, basi, yaliyobaki ni yangu yote, niliyoyasugua wiki nzima mpaka yakang'aa ameyachukua yamo kinywani mwake, na mie niko nje na bomba, na nani aliyeniweka nje, ngoja, nani aliyesema mtaalamu wa mawimbi hebu tusaidie, chenga zilianza Dokta alipoingia au Mwishehe alipoinuka kwenda nyuma ya televisheni kuangalia waya, aliinuka, nilimwona, alipitisha mkono nyuma ya ile televisheni mie nikidhani anafuta vumbi… sijui, Mungu ndiye ajuaye, pengine waya ulilegea wenyewe, lakini hata kama ulilegea wenyewe, angeweza kungoja, jibu nililokuwa nimeshampa, jibu la hapana alilolitaka, lilikuwa njiani linakuja kwa miguu yake, kwa nini hakuliacha lifike… kwa sababu aliogopa, aliogopa nikikaa kwenye kiti kile nikamtazama Dokta usoni sentensi ingekatika katikati, ananijua, ananijua kuliko nilivyojijua mie, yeye alijua kwamba hapana yangu haijaiva na mie nilikuwa nadhani imeiva, hasira inanipanda kutoka nyayoni, si kwa sababu amesema uongo, hakusema uongo hata neno moja, ni kwa sababu nimeisikia, nimeisikia ikisemwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza na sauti yake ni mbaya, ni sentensi ya mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai, hali ya familia yetu kwa sasa, kwa sasa ni lini Mwishehe, kwa sasa inaisha lini, Anwar akiwa na ndevu…

na hajamaliza, anaongeza, hili halikuwemo kwenye sentensi yangu hili ni lake, "Na unajua tena Dokta, haya mambo ya joto la mbingu, ni mazuri, lakini ni ya kujifurahisha tu, siyo riziki," ya kujifurahisha, ndiyo, nilijifurahisha, na mimba na mgawo wa umeme, nilijifurahisha kweli, na Dokta anakohoa, sasa atakataa, sasa atasema hapana bwana mkeo amefanya kazi ambayo… "Nakuelewa, ndugu yangu. Na kusema ukweli hata pale idarani walikuwepo waliosema mama mwenye watoto wadogo tusimpe presha. Tunaye kijana mmoja, hajaoa, yuko tayari. Basi kesho nitapeleka jina lake," hajaoa, yuko tayari, namjua huyo kijana, mtoto mzuri, hana ubaya, aliniuliza juzi tu kwa nini tunaanza kutoa mwendo wetu wenyewe kabla ya kutoa nyota, nikamweleza, nikamchorea, na kesho jina lake litakwenda, mambo yamekwisha, wanaume wawili wamekaa kwenye viti wameyamaliza kati ya kona na mpira wa adhabu, kwa upole, kwa heshima, hakuna aliyenitukana, na hapo ndipo penyewe, ningejua la kufanya kama wangenitukana…

joto sawasawa kila mahali, mwalimu alisema, kaa, na kila mtu anataka niwe sawasawa, Dokta anataka, Mwishehe anataka, mie mwenyewe jana nimegeukia ukuta nilitaka, mama aliyetulia mke aliyetulia mwalimu aliyetulia picha safi usisogee, na mie si sawasawa, nimezidi mahali, kidogo, kidogo tu, na kidogo hicho nimekiona kwa macho yangu kwenye karatasi kwamba hakipotei, unaweza kukifunika kwa mwendo wako na kwa nyota zako na kwa kelele za mashine na bado kipo chini kinakungoja ukitafute… watoto nitalia nao, nitalia usiku kucha huko Uingereza, najua, Anwar atashika sikio la bibi yake, sikio la Bi Mauwa ni kubwa kuliko langu, nacheka peke yangu uani na machozi yamechanganyika na jasho sijui lipi ni lipi, Shamimu ataandika kila wiki, nitarudi kila likizo, na Mwishehe… Mwishehe ataumia, naye ameumia tayari, ameumia tangu kiwandani na mie kubaki hakukumponya, nimebaki kila siku na hakukumponya, ningekuwa dawa angekuwa ameshapona…

na ndani mle wamemaliza shauri wanarudia kashata, mara sauti ya upawa, yaani sauti ya Bi Mauwa, lakini ndiyo ileile sauti ya kugonga sufuria, "Mbona mnamjibia? Kwani kafa?"… nimesikia vibaya, "Mama," anasema Mwishehe, "Mama, si suala lako hili," na yeye, "Nakuuliza, kwani kafa? Mtu yuko hapo dirishani kashika bomba, mzima, ana ulimi, mnamjibia kama maiti," "Mama, tumeshazungumza naye jana," "Mmezungumza jana. Mgeni kaja leo," na mie huku shavu kwenye chuma nafikiri, ahaa, ile ahaa yake, siku zote nimeichukulia kuwa dharau, kumbe pengine ilikuwa ahaa tu, mama wa watu aliuliza linapikia nini akajibiwa halipikii akasema ahaa, na mie nikambebea kinyongo cha miaka, lakini hilo baadaye, hilo nitamtaka radhi baadaye, sasa hivi koo langu limefunguka lenyewe, sikulituma, limefunguka…

"Dokta!"

nimeita kwa nguvu mno, kuku wa jirani wameruka, ndani mtangazaji anaendelea na watu wake, "Dokta Audax, ni Munira naongea. Mie sijakataa. Nilikuwa nikatae, kweli, mume wangu hajakudanganya. Lakini sijakataa. Usipeleke jina la mtu kesho. Jina ni langu. Ile kazi niliifanya mie na wewe unajua, ulivua miwani." Nimegeukia dirisha na bomba limegeuka nami, sijali, huko ndani picha lazima inacheza na hakuna hata mmoja anayesema chenga, hakuna anayesema kushoto, halafu uso wa Mwishehe unatokea dirishani, kati ya nondo na pazia, nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa hasira, nina hasira yangu ya kutosha kukutana nayo, na uso uliokuja si wa hasira, ni wa siku ile aliporudi kutoka kiwandani saa ya mchana akakaa kitandani na viatu, umri wake wote uko machoni, na roho yangu inanisukuma kusema basi, basi Mwishehe, yaishe, ninayo mdomoni tayari… naimeza, inapita kwa shida, inashuka. "Mama Shami," anasema polepole, watu wasisikie na wote wanasikia, "tafadhali. Tutaongea baadaye. Wageni wakiondoka." Na mie nasema, wala sipandishi tena sauti, haina haja, "Baadaye nitageukia ukuta, Mwishehe. Tuongee sasa, Dokta akiwepo, na mama akiwepo. Mie nawasikia vizuri, na nyie picha mnaiona. Naweza kuongea huku nimeshika." Nyuma yake mtu anapunguza sauti ya televisheni, inashuka mpaka inazimika, na kiti kinaburutwa sakafuni kuja upande wa dirisha, sijui ni cha nani.